Vipimo vimetumwa vizuri, nguo inafika haikai mwilini: kosa liko wapi kwa fundi wa mtandaoni?

#1 Mndeny wa Pasua

Habari za jioni wakuu.

Naleta mada ya nguo za kushonesha kwa fundi wa mtandaoni. Utaratibu mnaujua: unachagua mshono Instagram, unatuma vipimo WhatsApp, unalipa nusu, baada ya wiki kadhaa kifurushi kinashushwa stendi Moshi au Arusha. Ukivaa, bega limeshuka, au kiuno kinakaba, au suruali inavuta mapajani. Hapo lawama zote zinamwangukia fundi.

Mimi nadai kosa kubwa liko kwa wanaopimana nyumbani. Fundi anakata alichoandikiwa. Tepu kashika mtu asiyejua bega linaishia wapi, anayepimwa kavaa sweta kwa sababu ya baridi ya Julai, na namba zinatumwa bila kusema ni inchi au sentimita. Wanaojua cherehani wanisaidie: kipimo kipi kikikosewa kinaua nguo kabisa, na mtu asiye fundi akipimeje?

#2 Tepu Sitini

Bega.

Kiuno cha shati kikizidi nusu inchi hakuna atakayeona. Bega likizidi nusu inchi kila upande, mshono wa mkono unaning'inia juu ya msuli, mkono unaonekana mrefu wakati urefu wake ni sahihi, na kwapani panajikunja. Tena ndicho kipimo kigumu kuliko vyote kurekebisha: mikono yote miwili ifumuliwe, shimo la mkono lichongwe upya, mikono irudishwe. Kwenye koti lenye bitana na pedi za mabega, fundi anaweza kumaliza siku hapo.

Namna ya kupima: simama nyuma ya mtu, anyanyue mkono hadi usawa wa bega. Juu ya bega patatokea kijishimo kidogo. Weka kidole hapo, ashushe mkono taratibu, kisha weka alama ya kalamu au kipande cha plasta. Fanya hivyo na upande wa pili. Pima alama hadi alama kwa mgongoni, tepu ikipinda kidogo kufuata chini ya shingo. Usipimie mbele, utapata pungufu.

Urefu wa mkono unaanzia kwenye alama hiyo hiyo, kiwiko kimekunjwa kidogo, hadi kwenye mfupa wa kifundo. Ukipima mkono umenyooka kama rula, akishika usukani kafu zinapanda.

#3 Mama Kaloleni

#2 umesema vyema ila umeruka hatua. Kagua tepu kwanza.

Tepu za bei ndogo zinavutika zikizeeka, na nyingine zimechapwa vibaya tangu kiwandani. Chukua karatasi ya A4 ambayo haijakatwa: upande mrefu ni sentimita 29.7, mfupi ni 21. Tepu ikisoma 29 pale ilipotakiwa kusoma 29.7, imevutika. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwenye mzunguko wa inchi 40 inakuwa karibu inchi nzima. Gauni la kubana halivumilii inchi nzima.

Jambo la pili ni ile ncha ya chuma. Kwenye tepu nyingi sifuri inaanzia kwenye ncha yenyewe. Chuma kikichomoka, kila kipimo kinasoma zaidi ya ukweli na huwezi kugundua kwa macho. Anza kupima kutoka 10, kisha toa 10.

Na inchi ziandikwe inchi. Ukiandika "kifua 96" fundi ataelewa ni sentimita. Ukiandika "mkono 24, kafu 22", unamweka njia panda.

#4 Bwana Bitana

Nawaheshimu wote wawili, lakini tepu inaweza kuwa safi, bega likapimwa kwa alama, na nguo bado ikakaba. Sababu ni kwamba hakuna aliyetaja nafasi.

Mteja anatuma "kifua 38". Ni 38 ya mwili au ya nguo? Fundi wa kwanza anaongeza 4, shati linatoka 42. Fundi wa pili amezoea wateja wanaojiongezea wenyewe, anakata 38 kamili, vishikizo vinavuta hadi ngozi inaonekana katikati. Wa tatu anaongeza 6 kwa sababu wateja wake ni watu wazima wanaopenda kupumua. Wote watatu wamepokea kipimo sahihi, na wote watatu wamekata kwa haki.

Kwa kitambaa kisichovutika, hesabu ninayoiamini ni hii. Shati la kukaa mwilini, kifua ongeza inchi 3 hadi 4. Shati la kawaida 5 hadi 6. Koti 4 hadi 5, na kama ni la kuvalia Arusha mwezi wa sita na wa saba juu ya sweta, ongeza 2 tena. Makalio ya suruali 2 hadi 3, kiuno chake nusu hadi 1. Shingo kwa ajili ya kola nusu inchi. Kifundo cha mkono kwa ajili ya kafu 2 hadi 2 na nusu, na anayevaa saa kubwa aongezewe nusu upande wa saa. Gauni la kubana, kifua 2, kiuno 1.

Andika hivi kwenye ujumbe: "Kifua cha mwili inchi 38. Nguo ikiisha kifua kiwe inchi 42." Sentensi mbili tu, ubishi umekwisha.

#5 Kijana wa Sakina

Kwa hiyo kuandika "slimu fiti" hakutoshi? Maana vijana wote wa Arusha ndiyo oda yao hiyo.

#6 Bwana Bitana

Hakutoshi, mdogo wangu. Slimu ya fundi wa Kariakoo na slimu ya fundi wa Sanawari hazifanani. Tuma namba.

#7 Dada Ovaloki

Mmeshona mashati matupu hapa, tuje kwenye magauni.

Wanawake wawili wanaweza kuwa na kifua cha 38 wote, mmoja mgongo mpana na matiti madogo, mwingine mgongo mwembamba na matiti makubwa. Ukitoa namba moja, mmoja wao lazima aumie. Vinahitajika vipimo vitatu vya mzunguko: juu ya matiti ukipita kwapani, kwenye kilele, na chini ya matiti. Tofauti ya cha juu na cha kilele ndiyo inayomwambia fundi dati, ule mkunjo unaoshonwa ili nguo ifuate umbo la kifua, iwe na kina gani. Kisha bega hadi chuchu, na chuchu hadi chuchu, kwa sababu dati inatakiwa iishie kama inchi moja kabla ya kilele. Ikipitiliza inachongoka, na hakuna pasi itakayoificha.

Kinachosahaulika zaidi ni bega hadi kiuno, mbele na nyuma mbalimbali. Mbele tepu ipite juu ya titi. Ukimpa fundi kimoja tu atatumia hicho hicho pande zote, na matokeo utayaona kwenye pindo: gauni limepanda mbele, nyuma limeshuka, na mshono wa kiuno umekaa juu ya kitovu.

Kiuno chenyewe, usikisie. Funga kamba ya lastiki tumboni, inama kushoto na kulia mara chache, pale itakapotulia ndipo kiuno. Iache hapo hadi umalize, vipimo vyote vya urefu vianzie au viishie kwenye hiyo kamba. Na upimwe ukiwa umevaa sidiria utakayovaa na gauni hilo.

#8 Mzee wa Kibaraza

Nawasalimu wanangu. Nimewasoma wote, na wote mnahesabu. Mwili hauhesabiki namna hiyo.

Tepu inatoa mzunguko. Haisemi kama mtu amesimama kifua mbele au ameinama kwa kazi ya kompyuta. Haisemi kama bega la kulia limeshuka kwa kubeba begi miaka mingi. Haisemi makalio yamejaa au yamelala. Watu wawili wenye makalio ya inchi 40 wanaweza kutofautiana inchi 1 hadi 2 kwenye mshono wa nyuma wa suruali, kuanzia kiunoni kushuka hadi kwenye njia panda ya miguu. Ukiwapa suruali moja, mmoja itamkata akiinama, mwingine itamfanyia mfuko nyuma.

Mabega nayo yana mteremko. Ya kawaida hushuka inchi 1 na nusu hadi 2 kutoka shingoni. Yakiwa yamenyooka zaidi ya hapo, mkunjo wa kulala unatokea chini ya kola, nyuma. Yakiwa yameteremka sana, mkunjo wa mshazari unatoka shingoni kwenda kwapani. Upana wa bega ni ule ule, nguo mbili zinakaa tofauti. Ndiyo maana mtu anakaa kibarazani kwangu, namtazama anavyotembea kabla sijashika tepu.

#9 Mchumi wa Njiro

Shikamoo mzee. Hoja yako ni nzito, lakini anayefuata mshono ulioko Dar hawezi kuja kukaa kibarazani Moshi. Na wa Arusha anayekutaka wewe ana kilomita kama 80 kuja na 80 kurudi, mara mbili, kupima na kujaribu. Picha haziwezi kuziba hilo pengo?

#10 Mzee wa Kibaraza

Marahaba. Zinaziba nusu. Picha nzuri inaonyesha bega na tumbo. Haionyeshi mtu anakaaje kwenye kiti.

#11 Tepu Sitini

Niongezee kwa mzee kuhusu picha, kwa sababu nyingi zinazotumwa hazina msaada.

Tatu: mbele, ubavu, nyuma. Nguo ya kubana, fulana na taiti, rangi isiyo nyeusi. Simu iwekwe juu ya meza au kiti kwa usawa wa kiuno, umbali wa mita 3 hivi, imesimama wima bila kuinama. Ukipigwa kutoka karibu, mabega yanavimba na miguu inafupika. Ukipigwa kutoka juu, tumbo linatoweka, na tumbo ndilo fundi anataka kuliona: mwenye tumbo anahitaji mbele ya shati iongezwe nusu hadi inchi 1 kwa urefu, la sivyo pindo linanyanyuka mbele. Simama kawaida. Ukivuta pumzi na kutoa kifua, utashonewa nguo ya mtu anayevuta pumzi.

Kama nyuma yako kuna mlango au fremu ya dirisha, afadhali zaidi. Ule mstari ulionyooka unamwonyesha fundi bega lipi liko chini.

#12 Mangi wa Rau

Mnawasumbua watu na mabega wakati adui ni kitambaa.

Pamba inarudi, yaani inasinyaa. Asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida, na zaidi inarudi kwa urefu kuliko upana. Shati la urefu wa inchi 30 likirudi asilimia 4 limepoteza inchi 1 na robo kasoro kidogo. Siku linafika linakaa vizuri, mteja anatuma picha na shukrani, linafuliwa mara moja, halichomekeki tena. Hapo vipimo vyote vya #2, #4 na #7 vilikuwa sahihi.

Fundi wa haraka hatalowesha kitambaa. Kitenge, kitani, pamba ya mashati, vyote vilowekwe maji ya kawaida saa kadhaa, vianikwe bila kukamuliwa kwa kusokota, vipigwe pasi vikiwa na unyevu, ndipo vikatwe. Viskosi ndiyo hatari zaidi, inaweza kurudi kuliko pamba. Ukitoa oda, muulize fundi swali moja: "Kitambaa umekilowesha?" Akichelewa kujibu, umeshajua.

#13 Mama Kaloleni

#12 sahihisho dogo, mangi. Siyo kila kitenge ni pamba. Vingi vinavyouzwa sasa ni poliesta iliyochapwa maua. Hivyo havirudi, lakini havipumui, na jua la Moshi la Januari mnalijua.

Jaribio: chomoa nyuzi chache pembeni, uzichome kwa kiberiti ukizishika kwa koleo. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, majivu laini ya kijivu. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kijidonge kigumu cheusi. Vikichanganywa utapata vyote viwili. Kama fundi ndiye ananunua kitambaa, mwombe video fupi ya jaribio hilo. Wanaouza kitu halali hawakatai.

#14 Dada Ovaloki

Na ndani ya kola mmeangalia? Kile kitambaa cha gundi kinachogandishwa kwa pasi kukaza kola, kafu na ukanda wa vishikizo. Kitambaa cha nje kisipoloweshwa, kikifuliwa kinarudi na cha ndani kinabaki, basi kola inatoka malengelenge. Pasi ikiwa na joto dogo au ikiburuzwa badala ya kukandamizwa, gundi inashika vipande vipande, matokeo yale yale. Ukipokea shati, kunja kola taratibu na usikilize kwa vidole: ikiteleza ndani kwa ndani, haijashika.

Malengelenge hayo hayana dawa nyumbani. Kola inabadilishwa.

#15 Kijana wa Sakina

Wakuu mmenitisha. Njia rahisi: naenda Memorial pale Moshi, nachagua shati la mtumba linalonikaa kama limezaliwa nami, nalituma kwa basi, fundi analiiga. Bega, nafasi, mteremko, vyote vimo ndani. Tatizo liko wapi?

#16 Bwana Bitana

Wazo ni zuri, na kwa mashati ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote. Lakini kuna mitego.

Kwanza, aina ya kitambaa. Ukituma fulana au shati lenye laikra ukataka liigwe kwa kitenge, umejifunga. Kile kinavutika, hiki hakivutiki. Vuta shati kwa upana kifuani: likirefuka halafu likirudi, usilitume. Pili, mtumba umeshafuliwa mara nyingi na umesharudi. Nguo mpya bado. Fundi akiiga kipimo kwa kipimo kwa pamba ambayo haikuloweshwa, tunarudi kwa #12. Tatu, andika wazi kwamba shati lisifumuliwe. Wapo mafundi wanaofumua upande mmoja ili wapate pateni, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, unarudishiwa nusu shati.

Na suruali usiiige kwa mtumba uliokwisha magotini na nyuma. Pale pamelegea, pateni itatoka imelegea.

#17 Uzi Mweupe, Usa River

Mnazungumza kana kwamba fundi wa mtandaoni anachora pateni ya kila mteja. Wengi hawachori.

Mwenye oda nyingi ana pateni za karatasi ngumu za saizi kama 36, 38, 40, 42. Vipimo vyako vikifika anatazama kifua, anachukua saizi iliyo karibu, anarefusha au kufupisha mkono na pindo, basi. Mteremko wa bega, urefu wa mbele na nyuma, shimo la mkono, vyote vinabaki vya pateni. Ndiyo maana mtu mwenye mwili wa wastani anasifia na mwenye mwili tofauti analia, na wote walipimwa kwa makini. Vipimo ishirini vilivyoombwa, vinavyotumika ni vitano.

Njia ya kumjua: tuma vipimo vyenye jambo lisilo la kawaida, mathalani bega moja limeshuka nusu inchi, au mbele ndefu kuliko nyuma kwa inchi 2. Fundi anayechora atarudi na swali. Anayechukua pateni atakujibu "sawa dada" na namba ya malipo.

#18 Mzee wa Kibaraza

Uzi Mweupe, hapo umewaonea kidogo. Pateni ya saizi si dhambi. Hata mafundi wakubwa wa suti duniani, zile za kupimisha kwa oda huanzia kwenye pateni iliyopo na kurekebishwa. Ya kuchorwa upya kwa mtu mmoja ni daraja lingine na bei nyingine. Kosa ni kutokuijua pateni yako. Fundi akijua pateni yake ya 40 imekatwa kwa mabega ya kuteremka, ataipandisha kwa mwenye mabega ya juu. Asipojua, hata mwenyewe hataelewa kwa nini nusu ya wateja wanarudi.

#19 Uzi Mweupe, Usa River

Nakubali mzee. Lakini wangapi wanaijua?

#20 Mndeny wa Pasua

Asanteni sana, uzi umenoga. Swali la vitendo: kabla ya kumalizia ile nusu ya pili, mteja adai nini? Picha ya nguo kwenye sanamu la dukani inapendeza daima, na nyuma imebanwa kwa pini.

#21 Tepu Sitini

Dai picha ya nguo imelazwa mezani, vishikizo vimefungwa, tepu juu yake, namba zisomeke. Kifua kinapimwa inchi 1 chini ya kwapa, upande hadi upande, kisha unazidisha mara mbili: uliagiza 42, tepu isome 21. Bega kutoka mshono hadi mshono. Mkono kutoka mshono wa bega hadi mwisho wa kafu. Urefu kutoka chini ya kola nyuma hadi pindo. Suruali: kiuno, upana wa paja chini kidogo ya njia panda, na mishono ya mbele na nyuma kutoka njia panda hadi kiunoni. Tofauti ya robo inchi ivumilie, cherehani ni mkono wa mtu. Ikizidi nusu inchi begani au inchi 1 kifuani, irudishwe mezani kabla haijapanda basi.

Kisha nguo igeuzwe ndani nje. Tazama akiba ya mshono. Nusu inchi ubavuni ni kidogo. Kwa suruali ya suti nyuma kiunoni iwe inchi 1 hadi 1 na nusu, ili siku mtu akinenepa iachiliwe. Hesabu mishono kwenye inchi moja: 10 hadi 12 ni kazi ya kueleweka, 6 au 7 ni fundi anayekimbia, na mshono huo utafunguka kwapani. Kingo zote ziwe zimepita ovaloki, ile cherehani ya kufunga kingo zisichanike nyuzi.

Yote haya yanaingia kwenye video ya dakika moja.

#22 Mama Kaloleni

Hapo kwenye akiba ndipo wengine wanapodokoa kitambaa. Ukinunua mwenyewe, jua kiasi. Shati la mikono mirefu kwa kitenge cha upana wa inchi 45 ni yadi 2 na nusu. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150, mita 1.6 hadi 2. Suruali kwa upana huo wa 150 ni mita 1.25 hadi 1.5. Suti ya vipande viwili mita 3 hadi 3 na nusu. Gauni refu la kitenge yadi 4 hadi 6, kutegemea sketi imemwagika kiasi gani. Ukituma pisi nzima ya yadi 6 kwa shati moja, dai mabaki yarudi na nguo.

#23 Kijana wa Sakina

Mafundi wote kimya ghafla kwenye mabaki.

#24 Tepu Sitini

Hatujanyamaza, kijana. Kitenge chenye maua makubwa kinakula. Ili ua lipatane pande zote mbili za vishikizo, na lisiangukie pale kifuani panapovuta macho bila sababu, unaruka kitambaa hadi ua linalofuata. Hapo inaondoka nusu yadi hadi yadi nzima, na vinavyobaki ni vipande visivyotosha hata mfuko. Anayetaka maua yapatane aongeze yadi 1. Asiyetaka, aandike kwamba hajali.

#25 Mchumi wa Njiro

Tumehama kidogo, lakini wanaoagiza suti nje ya nchi nao wajipange. Tangu Julai 2022 nguo ziko kwenye kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki, asilimia 35. Juu yake VAT asilimia 18, inayohesabiwa baada ya ushuru kuongezwa. Suti ya shilingi 300,000 pamoja na usafiri: ushuru 105,000, inakuwa 405,000, VAT 72,900, jumla 477,900 kabla ya tozo nyingine ndogo. Na isipokaa, kuirudisha ni gharama upya. Baadhi ya kampuni za nje hukulipia fundi wa karibu nawe arekebishe badala ya kuirudisha, kwa hiyo soma masharti kabla hujalipa, na uhakikishe wanaacha akiba ndani. Wengine wanakata hadi ukingoni, fundi wa hapa hana cha kuachilia.

#26 Mangi wa Rau

Kwa 477,900 Soko Kuu Arusha unapata kitambaa, bitana, vifungo na fundi, na chenji ya nauli.

#27 Uzi Mweupe, Usa River

Nami nitaje sababu ambayo haijaguswa: majira. Novemba na Desemba watu wanarudi nyumbani Kilimanjaro, harusi, vipaimara, sendi ofu, kila ukoo unataka sare. Kabla hazijaisha, sare za shule za Januari zimefika. Fundi yule yule aliyeshona vizuri Agosti anapokea oda mara kadhaa ya kawaida, anagawa kwa wasaidizi. Anakata yeye, anashona mwingine, na mwingine hajaona ujumbe wako wa WhatsApp. Oda ya Desemba ifike kwa fundi Septemba, ibaki wiki tatu za marekebisho. Vipimo havina kosa hapo, wala kitambaa.

#28 Dada Ovaloki

Kweli kabisa. Na kwa sare ya watu wengi, kitambaa kinunuliwe chote siku moja kutoka gora moja. Gora mbili za rangi "moja" mkisimama pamoja juani zinasutana.

#29 Mndeny wa Pasua

Nashukuru nyote. Bado nasimama kwamba kupima nyumbani kunaharibu nyingi, ila sitamlaumu tena mpimaji peke yake: #4 na #17 wameniongezea washtakiwa. Swali la mwisho: mtoto wa kiume wa miaka 14, kipaimara ni mwezi wa 12, suti inaagizwa Dar sasa. Anakua kila siku. Apimwe lini?

#30 Bwana Bitana

Pimeni sasa bega, shingo na kimo, mtume pamoja na picha ili fundi aandae pateni. Mpimeni tena wiki 6 kabla ya siku yenyewe, ndipo akate. Suruali iwe na pindo la ndani la inchi 3, mikono ya koti inchi 2, na akiba ya inchi 1 nyuma ya koti katikati. Bega msiliongezee kwa kutegemea kukua, litaning'inia siku ya ibada.

#31 Mzee wa Kibaraza

Na pindo lishonwe kwa mkono, mishono ya kujificha, uzi mmoja. Likishonwa kwa cherehani na kupigwa pasi, siku ya kulishusha utabaki mstari wa matundu hadi mwisho wa maisha ya suruali.